Marehemu Amelipa Deni Lote

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, jicho limetulia na mguu haukusumbui. Sisi huku tupo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, anaongea kwa upepo, na ameniagiza nikuambie alama zake za hesabu zimepanda. Zimepanda kutoka wapi, hakusema. Mimi nafuma. Mgongo unauma, lakini huo ni wa siku zote.

Ningekupigia, ila tangu simu yako itumbukie kwenye ndoo ya maji huu mwaka wa tatu, na hujanunua nyingine. Mjomba, hata wauza vitunguu wana simu. Haya, nakuandikia kama enzi zenu, kupitia sanduku la posta la shule, nikijua utaipata Ijumaa ukienda kusalimia walimu.

Sasa sikiliza. Mama Sindano, mwenye hiki chumba ninachofanyia kazi na mwenye mashine zote mbili za kufuma, amechoka. Vidole havikunjiki tena. Anahamia kwa binti yake na mashine anaziuza. Amenipa nafasi ya kwanza mpaka tarehe 31 Julai, kwa sababu nimezifanyia kazi miaka kumi na moja na nazijua hadi sindano zinazopinda kukiwa na baridi. Akizichukua mtu mwingine, atakuja na mafundi wake, na mimi nitatoka na mkasi wangu na kiti. Kazi nyingine siijui, Mjomba, na umri wa kuanza kujifunza umenipita.

Nikaenda benki. Afisa mikopo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alipenda hesabu zangu. Akasoma oda za sweta za shule tatu, akatabasamu, akaandika jina langu kwenye kompyuta. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasoma, akanitazama usoni, kisha akainama kidogo akanitazama miguu.

"Dada," akasema yule mama, kwa sauti ya kutoa pole, "ripoti yako ya mikopo inaonyesha umefariki."

Nilicheka peke yangu. Wao hawakucheka. Nikaambiwa kila mteja ana ripoti yake, benki zote huisoma kabla ya kutoa hata senti, na yangu inasema nilikufa miaka mitatu iliyopita. Mkopo wa marehemu hauwezi kupitishwa. Nikasema basi niguseni. Yule mama akanigusa mkono kweli, masikini, akasema anaamini, lakini mfumo hauna mkono.

Mjomba, wewe umeandika vitabu vya vizazi na vifo miaka thelathini na moja. Hakuna anayejua mambo haya kukuzidi. Niambie, mtu aliyefutwa kwa kalamu anarudishwaje?

Ni mimi,
Chiriku wako

*

30 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika mapema kuliko ninavyojibu. Nilikuwa na mambo mambo. Mguu unakuja na kuondoka, jicho zima kabisa. Wale madaktari wageni waliokuwa wakitibu bure, Mungu awaweke popote walipo, maana sasa nasoma gazeti hadi matangazo ya minada. Kuku wameongezeka. Mwenye duka anakusalimu. Mpe hongera mjukuu wangu kwa hesabu, na mwambie nitataka kuona daftari.

Kuhusu jambo lako. Kwanza, usilie mbele ya karani. Karani akiona machozi anakwambia njoo kesho. Pili, beba kitambulisho halisi na nakala tatu, cheti cha kuzaliwa, na barua ya ofisi ya mtaa ikisema mtajwa yu hai na anaonekana kila siku. Kila unapokabidhi karatasi, mwambie aliyepokea asaini kwenye nakala yako, na saa aandike. Karatasi isiyo na saini ya mpokeaji haikupokelewa. Nimekula mshahara miaka yote hiyo kwa kujua jambo hilo moja.

Usipoteze nguvu kumtafuta aliyesema umekufa. Huko ni kupoteza muda. Mtu amebonyeza kitufe kibaya, basi. Omba tu lirekebishwe, usichimbe.

Halafu, mwanangu, hizo mashine ni za nini? Kukopa tena? Ule mkopo wa kwanza haukukutosha? Hujawahi kusema ulikuwa wa nini, na mimi sikuuliza, lakini mtu mzima aliyeonja moto hatakiwi kuurudia. Kaa uajiriwe na huyo atakayenunua. Afya ndiyo mtaji.

Simu nitanunua kuku wakiuzika.

Mjomba wako

*

18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tunashukuru tumeamka. Mjukuu wako ameketi mezani kwangu anakuandikia daftari zima la hesabu, ni adhabu umeitaka mwenyewe.

Nimefanya yote uliyosema. Karani wa ofisi ya mtaa alicheka hadi akashika meza, lakini barua aliiandika: mtajwa hapo juu yu hai. Nikaenda kwenye ofisi ya hizo ripoti, iko juu ya duka la matairi, ina madirisha manne. Nimekwenda mara sita. Mtu wangu sasa ni dada mmoja wa dirisha la mwisho, mimi namwita Dirisha la Nne, na yeye ananiita marehemu, si kwa ubaya. Yeye ndiye aliyenichapia ripoti yenyewe. Ukurasa mmoja na nusu, Mjomba. Maisha yangu yote ya kukopa na kulipa, halafu chini: mteja amefariki, deni limefutwa kwa sababu ya kifo.

Nikamwambia hilo deni nimelilipa lote. Miezi tisa, nikituma kila Jumamosi kabla sijanunua sabuni, na ujumbe wa kila malipo ninao kwenye simu. Akaziangalia jumbe zote, moja moja. Akasema fedha zilifika, lakini kwa kuwa marehemu halipi, ziliwekwa kwenye fungu la malipo yasiyojulikana mwenyewe. Na kampuni iliyonikopesha ilikuwa imeshalipwa na bima. Kwa hiyo wamelipwa mara mbili, Mjomba, na bima kwa kufa kwangu na mimi kwa kuishi kwangu. Na bado ripoti ni chafu.

"Sisi hatuandiki, sisi tunapokea," akaniambia. Nenda kwa walioleta taarifa.

Nikaenda kwenye hiyo kampuni. Wamehamia ghorofa ya tatu, mlango hauna kibao, nadhani wanawaogopa wateja wao. Wakanipiga danadana wiki nzima, huyu ametoka, huyu yuko kikaoni. Mwisho nikaketi sakafuni mlangoni na kazi yangu ya mkono mapajani, nikafuma pale pale, mpaka bwana wa mafaili akachoka kuniruka. Akafungua faili. Akasema si kitufe kibaya. Taarifa ya kifo ililetwa kwa barua, imeandikwa na mtu wangu wa karibu, ina muhuri. Hawawezi kuifuta wao. Aliyeiandika ndiye aifute mwenyewe, kwa hati ya kiapo. Nikasema nionyeshe. Akasema andika ombi, subiri siku thelathini.

Mtu wangu wa karibu. Nimehesabu, Mjomba, na hesabu yangu ni fupi. Mama alikufa nikiwa na miaka tisa. Mwanaume niliyezaa naye hajui hata ninapoishi. Nimemfikiria mwenye duka, nikamfikiria jirani niliyegombana naye kwa sababu ya maji. Sipati usingizi wala hamu ya kula. Nafuma sweta nashindwa kuhesabu mistari, jana nimefumua mgongo mzima.

Mama Sindano amepata mtu mwingine anayezitaka mashine. Bado ananisubiri, lakini ameanza kunikwepa macho.

Na jambo dogo. Umesema ule mkopo wa kwanza. Mimi sikuwahi kukuambia nilikopa. Nani alikuambia?

Chiriku

*

11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ufupi. Jicho limeanza kunisumbua tena, mistari inaruka na mkono hautulii, kwa hiyo siwezi kuandika sana. Kuku wanaendelea. Daftari limefika, mwambie sita mara nane si arobaini na sita.

Kuhusu hilo uliloniuliza, nilisikia sikia tu. Maneno hutembea.

Ningekuwa wewe ningeziacha hizo mashine.

Mjomba wako

*

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto mzima.

Barua yako ya jicho baya nimeipokea. Mistari imenyooka, kila neno limekaa juu ya mstari wake, na chini ya tarehe umepiga rula. Nimeiweka mezani. Pembeni yake nimeweka nakala waliyonipa jana ghorofa ya tatu.

Nilipoipokea sikuisoma, niliiona tu. Kichwa cha habari kimepigwa mistari miwili kwa rula. Tarehe kwa namba, halafu kwa maneno. Ile herufi yako ya kwanza yenye mkia, ambayo ulinifundisha nikiwa na kalamu ya kwanza na mimi nikashindwa. Bwana wa mafaili akaniuliza kama namfahamu mwandishi. Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana, nadhani niliona aibu kwa niaba yako.

Ni wewe.

Umeandika kwa masikitiko makubwa unaarifu. Umeandika nilikufa kwa homa. Ukaweka muhuri wa ofisi uliostaafu nao. Na siku ya kufa umeniwekea tarehe kumi na sita Oktoba, siku aliyokufa mama. Hiyo ndiyo iliyoniketisha kwenye ngazi, Mjomba. Watu wanapanda na kushuka, mimi nimekaa, nikikumbuka kwamba hata kifo cha mama kitabuni ulikiandika wewe, nikiwa nimesimama pembeni nimeshika shati lako. Ulinichukua siku hiyo hiyo. Ulinilea, ulinisomesha, ulinikatia kucha. Halafu ukaniandika pale pale alipo yeye.

Nikakuomba ushauri, ukanipa. Beba nakala tatu. Ukajitia hamnazo huku unajua. Nimezunguka miezi mitatu nikitafuta mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako.

Sikuombi uniombe radhi. Nina siku hamsini na tisa. Nakuomba karatasi moja tu, hati ya kiapo kwamba uliyoandika si kweli na kwamba mimi niko hai. Najua ni hatari kwako, najua ule muhuri hukutakiwa kuwa nao, na sijui pensheni yako itakuwaje. Najua yote hayo na bado naomba, maana maji yamenifika shingoni na sina mwingine wa kumwomba.

Wanasema hati iambatane na fomu yangu ya ule mkopo wa kwanza, kwa hiyo nakutumia nakala. Kuna mstari nimeufuta kwa wino. Hauhusiani na jambo hili, uache.

Ni mimi, hai.

*

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Zimebaki siku thelathini na tatu. Jana yule mnunuzi mwingine alikuja na utepe akapima mlango kama mashine zitapita. Mama Sindano alinipa chai, akasema hawezi kusubiri zaidi ya tarehe ile, binti yake ameshalipia gari la mizigo.

Kama una hasira, niandikie hasira. Kama umeugua, mwambie mwalimu aniandikie. Usininyamazie tu, nakupigia magoti yote mawili.

*

5 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi si mgonjwa na jicho si bovu. Nilikudanganya.

Hati ya kiapo imo humu ndani, nakala tatu, saini ya hakimu na saa ya kupokelewa. Nimeituma kwa rejista ya posta. Ikague kabla hujasoma mengine, halafu urudi hapa.

Ilikuwa hivi. Walianza kupiga asubuhi moja, wakisema mpwa wangu amekopa na amechelewa wiki tano na jina langu ameliandika kama mtu wa karibu. Nikasema nitamwambia. Hawakutaka hilo. Walitaka nilipe mimi, na sikuwa nacho. Siku ya pili walipiga mara nne. Wiki ya pili walikuwa wamechota namba zote kwenye simu yako, wakampigia mwenye duka, wakampigia mwalimu mkuu mbele ya walimu wenzake, wakasema mwambieni mzee amefuga mwizi. Mimi, ambaye watu walikuwa wananiletea vyeti niwatunzie. Nilikuwa nikienda dukani watu wananyamaza. Kukuambia wewe nilishindwa, kwa hasira. Nilisema moyoni amekopa kwa anasa, amekopa kwa nguo, na amenitupia mimi aibu.

Siku moja walipiga mara kumi na moja kabla sijanywa chai. Mara ya kumi na mbili alikuwa binti mwenye sauti ndogo, akaniuliza mpwa wangu yuko wapi. Nikasema, "Amefariki." Sikupanga, neno lilitoka tu. Akasema pole sana mzee. Lilikuwa neno la kwanza la adabu kutoka kwao, na mimi nikapumua. Mungu anisamehe, mwanangu, nilipumua.

Kesho yake wakataka barua. Hapo ningeweza kurudi nyuma. Lakini ulikuwa umepita usiku mmoja wa amani, nikaketi na rula yangu. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuandika kifo ambacho hakikuwepo, na nilipofika kwenye tarehe mkono ulikataa kutunga. Nikaandika tarehe ninayoijua. Muhuri ulikuwa ule mkongwe waliotaka kuutupa siku nilipostaafu, nikauomba uwe kumbukumbu. Basi kumbukumbu ikafanya kazi hiyo.

Simu haikutumbukia popote. Ipo kwenye bati la majani ya chai, nzima. Baada ya ile barua ulinipigia Jumapili, ukacheka kuhusu jambo fulani, na mimi nikasikia kama nazungumza na mtu niliyemzika. Sikuweza tena. Nikaizima.

Ulipoandika mwezi wa tatu, nilijua siku hiyo hiyo. Niliogopa. Kwa umri huu mtu anaogopa jela kuliko nilivyodhani, na pensheni ndiyo chakula changu. Nilikuambia uache mashine ili mimi nisionekane. Nimeliandika hili waziwazi ili ulisome waziwazi.

Sasa kuhusu ule mstari wako. Ulimfutia karani aliyezoea kusoma yaliyofutwa, mwanangu. Niliacha fomu mezani siku kumi kwa sababu ulisema niiache. Siku ya kumi na moja nikaigeuza, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nje, nikasoma kwa nyuma. Sababu ya mkopo: operesheni ya jicho la mjomba.

Ulinipeleka kule hospitali ukaniambia ni madaktari wageni, wanatibu bure. Ulinishika mkono hadi mlangoni. Na mimi jicho lile lile, lilipopona, kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuandika ile barua. Niliona vizuri sana siku ile. Hata mstari haukupinda.

Niliketi hapo dirishani mpaka kuku wakaja kudai chakula. Siku iliyofuata nikaenda mahakamani. Foleni, fomu, njoo kesho, yote niliyowafanyia watu nimefanyiwa, na nikarudi tena na tena. Hakimu ni kijana, alisoma mara mbili, akaniuliza kama naelewa ninachojikubalia. Nikasema naelewa. Ameuchukua muhuri, na ametaka nirudi mbele yake tarehe 20 Agosti. Atakaloamua litakuwa la haki.

Ningeileta hati mwenyewe, ila nauli yote imekwenda kwenye ada. Naomba tu ifike.

Mjomba wako

*

9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki mbili kabla ya kushika kalamu, usidhani ilipotea. Mjukuu wako hajambo, meno yameanza kuota, na sita mara nane sasa anaijua.

Rejista ilifika tarehe 23 Julai. Nilikimbia nayo hadi ghorofa ya tatu, aliyepokea akasaini na saa akaandika, saa nne na robo. Kisha kwa Dirisha la Nne. Aliisoma, akanitazama, akauliza huyu mzee ni nani kwako. Nikasema ni baba yangu, ni kaka wa mama yangu. Akasema wana siku kumi na nne za kurekebisha. Nilimhesabia mwenyewe kwa vidole kwenye kioo: tarehe sita Agosti. Akasema atajaribu kusukuma.

Alijaribu. Nilikwenda kila siku. Tarehe 31 nilisubiri pale dirishani mpaka wakafunga mapazia, nikarudi kazini, nikakuta gari la mizigo. Mashine kubwa ilikuwa imeshafungwa kamba. Niliigusa ubavuni, basi, wakaipakia. Mama Sindano alilia, mimi sikulia, nilikuwa nimekauka. Miaka kumi na moja, Mjomba. Nilikosa siku sita tu.

Ile ndogo mnunuzi aliikataa, kwa sababu sindano zake zinapinda. Imebaki chumbani. Mama Sindano amesema nikipata cha kumpa kabla mwezi haujaisha ni yangu, na chumba atamwombea mwenye nyumba anipe. Kwa mashine moja oda za shule mbili itabidi nizirudishe. Ya tatu nitaiweza, nikifanya kazi kama punda.

Tarehe sita nilichapiwa ripoti mpya. Inasema mteja yu hai, deni lote limelipwa. Dirisha la Nne aliigonga kwenye kioo akaniambia karibu tena duniani. Nikaenda nayo benki moja kwa moja, nikakaa mbele ya mama wa miwani ya kamba, akaniletea fomu ya mkopo mdogo, wa hiyo mashine iliyobaki.

Sasa nikuambie ukweli na wewe ulivyoniambia. Hasira bado ninayo. Inanijia nikiwa nafuma, juzi nimetoa sweta yenye mkono mmoja unaofika magotini. Kuna siku naisoma barua yako nakuonea huruma hadi kifua kinauma, na kuna siku naikunja naitupia kapuni, halafu naenda kuitoa. Na mimi nilikosea. Ningekuambia fedha zilitoka wapi, usingenidhania anasa. Niliogopa ungekataa operesheni, na ungekataa kweli, nakujua.

Tarehe 20 nitakuja. Nimeshamwomba jirani wa yale maji akae na mtoto. Hakimu akitaka kumwona marehemu, anione nimesimama hapo, anipige maswali. Nitamwambia nililelewa na nani.

Nilijaza fomu yote haraka isipokuwa mstari mmoja. Sababu ya mkopo niliandika kwa herufi kubwa. Mstari uliofuata ulikuwa wa mtu wa karibu, atakayepigiwa simu mkopaji asipopatikana. Kalamu ilisimama pale muda mrefu, mpaka yule mama akauliza kama sina mtu. Nikasema ninaye. Nikaandika jina lako na namba yako ile ile.

Kwa hiyo itoe simu kwenye bati la chai, Mjomba, uichaji. Wakikupigia kuniuliza, sema nipo.

Chiriku